Jino la Pembe na Dawa ya Pengo

Wahenga wa pwani walisema kwamba jino la pembe si dawa ya pengo. Methali hii hutumiwa siku zote kwa mfano: aliyefiwa na mwenzi mwema haliwaziki kwa mapambo, na aliyepoteza rafiki wa kweli hapati badala yake kwa fedha. Lakini maneno haya, kabla ya kuwa mfano, ni habari ya kweli juu ya kinywa cha mtu. Watu wa pwani waliijua pembe. Waliiona ikishuka kutoka bara mabegani mwa wapagazi, wakaiona ikipimwa na kupakiwa majahazini. Walijua ugumu wake na uzuri wake. Walijua pia kwamba hata ikichongwa kwa ustadi gani na kutiwa katika ufizi, haishiki, haitafuni, wala haiwi sehemu ya mwili wa mwenyewe.

Katika insha hii nakusudia kuifuata methali hiyo katika njia ya historia. Nitaeleza jinsi wanadamu walivyojaribu kuliziba pengo la jino, gharama waliyoitoa, na ni nani hasa aliyeitoa. Swali hili la mwisho ndilo kubwa. Msomaji ataona kwamba mara nyingi pengo la mtu mmoja lilizibwa kwa kufungua pengo jingine katika kinywa cha mwenziwe. Jino la kupandikizwa la siku hizi limeiondoa haja ya desturi hiyo, na kwa sababu hiyo linastahili heshima. Lakini limekuja na bei yake, na bei hiyo nayo haina budi kuchunguzwa.

Tuanze na watu wa kale. Katika nchi ya Etruria, ambayo leo ni sehemu ya Italia, masonara walitengeneza mikanda myembamba ya dhahabu tangu karne ya 7 kabla ya Kristo. Mkanda ulizungushwa meno mazima, na katikati yake likakazwa kwa pini jino la badala. Dhahabu hiyo haikuwa na nguvu ya kutafuna nyama ngumu. Ilikuwa pambo na alama ya ukwasi, na wengi waliozikwa nayo walikuwa wanawake wa nyumba kubwa. Warumi walipoandika Sheria za Mbao Kumi na Mbili, kiasi cha mwaka 450 kabla ya Kristo, walikataza dhahabu kufukiwa pamoja na maiti. Lakini waliruhusu ile iliyofunga meno, maiti izikwe au ichomwe nayo. Tangu zamani hizo, basi, jino la kununuliwa lilikuwa mali iliyohesabiwa na sheria.

Upande wa pili wa dunia lilipatikana jambo la ajabu zaidi. Mwaka 1931, mahali paitwapo Playa de los Muertos katika nchi ya Honduras, kilifukuliwa kipande cha taya la chini la mtu aliyeishi zamani za ustaarabu wa Wamaya, yapata mwaka 600 baada ya Kristo. Mahali pa meno matatu ya mbele palikuwa na vipande vitatu vya gamba la kombe, vilivyochongwa kwa umbo la jino. Wataalamu walidhani mwanzoni kwamba vilitiwa baada ya kifo, kuwa heshima kwa marehemu. Mwaka 1970 Amadeo Bobbio wa Brazil alilipiga taya hilo picha ya eksirei, akaona kwamba mfupa ulikuwa umeota na kukaza kuzunguka vipande viwili. Mfupa wa maiti hauoti. Basi mtu yule alikuwa hai vipande vilipotiwa, na mwili wake ulikuwa umevipokea. Fundi aliyefanya kazi hiyo hakuacha maandiko, na ustadi wake ukafukiwa pamoja naye.

Huko Ulaya njia iliyofuatwa ilikuwa nyingine. Katika karne ya 18 sukari ilienea katika meza za matajiri, na meno yao yakaoza. Katika London alikuwako John Hunter, tabibu mkubwa wa upasuaji, aliyetoa kitabu juu ya meno ya binadamu mwaka 1771 na sehemu yake ya pili mwaka 1778. Hunter alichukua jino la mtu akalipandikiza katika kishungi cha jogoo. Likashika, na mishipa ya damu ya jogoo ikaliingia. Kielelezo hicho kingaliko London katika hazina ya vitu alivyokusanya. Kutokana na majaribio ya namna hiyo aliamini kwamba jino bichi, likitolewa katika kinywa cha mtu mmoja na kutiwa mara moja katika kinywa cha mwingine, huweza kuungana na mwili mpya. Alishauri kwamba watoaji kadha wa kadha wawekwe tayari, ili jino la kwanza lisipoenea, lijaribiwe la pili, kisha la tatu.

Na tuyatafakari maneno hayo kidogo. Waliowekwa tayari walikuwa watoto na vijana maskini wa mjini. Jino lisiloenea halikurudi kuota lilikotoka. Mchoraji Thomas Rowlandson aliionyesha biashara hiyo katika picha ya dhihaka ya mwaka 1787. Katikati yake tabibu aliyevaa vizuri anamng'oa jino kijana mchafu msafisha mabomba ya moshi, na bibi wa kitajiri ameketi kando akisubiri kutiwa jino hilo. Mlangoni watoto wenye nguo mbovu wanatoka nje wameshika mashavu, na mmoja anaitazama sarafu iliyomo kiganjani mwake. Kwa kawaida meno yenyewe hayakudumu. Mwili wa mpokeaji uliyakataa baada ya muda. Baadhi ya wapokeaji walipata ugonjwa, na kaswende ilihofiwa kuliko yote. Hivyo tajiri alipoteza fedha, maskini akapoteza jino, na pengo likabaki kwa wote wawili.

Mfano ulio mashuhuri kupita wote umo katika historia ya Marekani. Tarehe 30 Aprili 1789, George Washington alipoapishwa kuwa Rais wa kwanza wa nchi hiyo, kinywani mwake lilibaki jino moja tu alilojaliwa na maumbile. Watu wengi wameambiwa kwamba meno yake ya bandia yalikuwa ya mti, nayo ni hadithi tu. Yalitengenezwa kwa pembe, kwa risasi, kwa meno ya wanyama na kwa meno ya watu. Katika daftari la hesabu la shamba lake la Mount Vernon umo mstari wa mwezi wa Mei 1784, unaoonyesha kwamba watu Weusi walilipwa pauni 6 na shilingi 2 kwa meno 9, kwa hesabu ya daktari Mfaransa aliyemtibu Washington. Daftari halisemi kama meno hayo yalitiwa katika kinywa cha Washington mwenyewe. Lakini tabibu huyo alikuwa akitangaza magazetini bei ya gini mbili kwa jino moja la mbele, na malipo ya Mount Vernon hayafiki hata theluthi ya bei hiyo. Tena waliolipwa walikuwa watumwa. Mtumwa akiulizwa na bwana wake kama yu radhi kuliuza jino lake, jibu lake lina uzito gani? Fedha ilitolewa, ni kweli. Bali fedha peke yake haithibitishi hiari.

Wafu nao hawakuachwa. Baada ya vita ya Waterloo, tarehe 18 Juni 1815, meno ya askari waliolala uwanjani yaling'olewa na kupelekwa Uingereza kuuzwa. Wafu hao wengi walikuwa vijana, na meno ya vijana ni mazima. Mafundi waliyakaza katika ufizi wa bandia uliochongwa kwa pembe, na watu wakayaita meno ya Waterloo.

Pembe hiyo yaturudisha Afrika. Mafundi walipenda pembe ya ndovu, lakini walipenda zaidi jino la kiboko, kwa kuwa ni gumu na weupe wake hudumu. Yote mawili yalitoka katika bara letu. Walakini methali haikukosea: pembe ni kitu kilichokuwa na uhai, nayo ikikaa katika mate huoza, hubadilika rangi na kunuka. Mwenye meno ya pembe alilazimika kuyatoa mara kwa mara, na wengine waliyavua wakati wa kula, wakayavaa tena kwa ajili ya mazungumzo. Hapo jino lilikuwa limeiacha kazi yake ya kwanza.

Katikati ya karne ya 19 yalitokea mambo mawili yaliyoigeuza hali. La kwanza ni dawa ya usingizi. Tarehe 16 Oktoba 1846 daktari wa meno William Morton aliionyesha kazi ya etha katika hospitali ya Boston, na tangu hapo kung'oa meno hakukuwa tena mateso yale ya kwanza. La pili ni mpira mgumu, uliotokana na maarifa ya ukoo wa Goodyear. Kwa mpira huo ufizi wa bandia ulisubikwa kwa kipimo cha kinywa cha kila mtu, na meno ya kauri yakakazwa juu yake. Bei ilishuka, na watu wa kadiri waliweza kuvaa meno kwa mara ya kwanza.

Lakini hata hapo bei ilizua ugomvi. Kampuni iliyokuwa na haki ya mpira huo katika Marekani iliwatoza madaktari wa meno ada, na mweka hazina wake, Josiah Bacon, aliwafuata mji kwa mji akiwashitaki waliokataa kulipa. Mwaka 1879, katika mji wa San Francisco, daktari mmoja aliyeshitakiwa, Samuel Chalfant, alimpiga Bacon risasi akafa. Miaka miwili baadaye muda wa haki hiyo ulikwisha, na mpira ukawa huru kwa wote. Huko Uingereza, serikali ilipoanzisha huduma ya afya ya taifa mwaka 1948, meno ya bandia yalitolewa bure. Wenye haja walikuwa wengi mno hata mwaka 1951 serikali ikaamua kutoza sehemu ya gharama yake na ya miwani. Waziri Aneurin Bevan, aliyeianzisha huduma hiyo, alijiuzulu kwa kuipinga hatua hiyo. Msomaji asidhani, basi, kwamba gharama ya jino ni jambo dogo la nyumbani. Imewahi kumwaga damu, na imewahi kuitikisa serikali.

Jino la mpira lilikuwa jino la pembe kwa sura nyingine: lilikalia ufizi, halikuwa na mzizi. Mzizi ulipatikana pasipotafutwa. Mwaka 1952, katika mji wa Lund nchini Sweden, tabibu kijana Per-Ingvar Brånemark alikuwa akichunguza mwendo wa damu ndani ya mfupa. Alitia katika mguu wa sungura kijumba kidogo cha titani chenye kioo, apate kutazama kwa darubini jinsi mfupa unavyojiponya. Kazi ilipokwisha alitaka kukitoa kijumba hicho, maana kilikuwa cha thamani, akashindwa. Mfupa ulikuwa umekishika kana kwamba ni sehemu yake. Mtu mwingine angelikasirika na kuagiza kijumba kipya. Brånemark alikaa akafikiri.

Sababu ya jambo hilo ni hii. Uso wa titani ukigusa hewa hujivika mara moja utando mwembamba sana ulio imara, na utando huo hauudhi mwili. Chembe za mfupa husogea hata zikaugusa, zikajenga juu yake bila ya kuweka kovu laini katikati. Mwaka 1965, katika mji wa Göteborg, Brånemark alimtibu Gösta Larsson, mtu wa miaka 34 aliyezaliwa na kasoro ya taya na kaakaa, ambaye hakuwa na meno katika taya la chini na alipata taabu kula na kusema. Alimtia parafujo nne za titani. Larsson alizitumia mpaka alipofariki mwaka 2006, zaidi ya miaka 40. Wakubwa wa elimu ya meno walimdharau Brånemark kwa muda mrefu. Hata mwaka 1982, katika mkutano uliofanywa Toronto, ndipo ushahidi wake ulipopokewa na wataalamu wa nchi nyingi. Brånemark alifariki mwaka 2014.

Sasa tutazame yale yanayompata mtu anayepandikizwa jino leo. Kwanza hupigwa picha, ili upana wa mfupa upimwe na mshipa wa fahamu wa taya ujulikane ulipopita. Jino likikaa nje ya kinywa muda mrefu, mfupa wake hupungua, na upungufu mkubwa hutokea katika mwaka wa kwanza. Mfupa usipotosha hauna budi kuongezwa. Nyongeza hiyo yaweza kutoka katika mwili wa mgonjwa mwenyewe, au kuwa mfupa wa ng'ombe uliosafishwa, au mfupa wa marehemu ulioachwa kwa wasia. Msomaji atakumbuka Waterloo, ataona pia tofauti: hapa mfu aliombwa angali hai, akakubali.

Siku ya kazi ufizi hutiwa ganzi na kufunguliwa. Mgonjwa hahisi maumivu. Huhisi msukumo, na husikia mngurumo wa keekee ukipita katika mfupa wa kichwa chake. Maji hutiririshwa muda wote, kwa kuwa mfupa ukipashwa joto la digrii 47 kwa dakika moja huumia, na mfupa ulioumia haushiki. Kisha parafujo hukazwa polepole. Uvimbe wa siku chache hufuata, na baada yake huja kungoja. Kwa desturi ya Brånemark, taya la chini lilingojewa miezi mitatu na la juu miezi sita. Siku hizi muda umefupishwa kwa baadhi ya wagonjwa. Mwisho hukazwa kiungo, na juu yake taji la kauri lililofananishwa na meno jirani. Baada ya miaka kumi zaidi ya 90 katika kila 100 ya mizizi hiyo hukutwa ingali mahali pake, ingawa kwa wavuta tumbaku na wenye kisukari kisichodhibitiwa hatari ya kushindwa huzidi.

Na bei? Nchini Marekani jino moja la namna hii pamoja na taji lake kwa kawaida hugharimu kati ya dola 3,000 na 6,000. Uingereza mara nyingi hupita pauni 2,000, na huduma ya taifa huligharimia kwa wagonjwa wachache wenye sababu maalumu tu. Katika Nairobi, kwa matabibu wa binafsi, kwa kawaida hupita shilingi 100,000. Parafujo yenyewe ni ndogo kuliko msumari wa seremala. Anayelipa hulipia picha, ustadi wa mpasuaji, vyombo visafi, kazi ya fundi wa taji, miezi ya kurudi na kurudi, na faida ya kila mkono uliolipitisha jino. Hayo ni malipo ya haki kwa sehemu kubwa. Hata hivyo Wamarekani wengi huvuka mpaka kwenda Los Algodones katika Mexico, na watu wa Ulaya huenda Hungaria na Uturuki, kwa kuwa kwao hawamudu. Asiyemudu hata hiyo safari hubaki na pengo, au hubaki na jino la pembe la zama hizi, yaani la plastiki.

Hapa ndipo ninapotaka kuisimamisha hoja yangu. Kwa karne nyingi ubaya wa jino la badala ulikuwa katika asili yake: lilichukuliwa kwa mtoto maskini, kwa mtumwa, kwa askari aliyekufa. Ubaya huo umeondoka. Hata madini yake hayamdai mtu jino. Katika Kwale, pwani ya Kenya, mchanga wenye madini ya titani na zirkoni ulichimbwa tangu mwaka 2013 hata mwisho wa mwaka 2024, ukapakiwa melini Mombasa. Sehemu kubwa ya titani ya dunia hugeuzwa rangi nyeupe, na sehemu ndogo tu huwa chuma. Hata hivyo yafaa tukumbuke kwamba pwani hiyo hiyo iliyopakia pembe imepakia pia mali ghafi ya dawa ya pengo. Wale waliouchimba mchanga huo, ni wangapi wanaoweza kulinunua jino moja?

Yawezekana kujibiwa kwamba jino si uhai. Lakini Larsson hakutafuta urembo. Alitaka kula na kueleweka anaposema. Wataalamu waliokutana Montreal mwaka 2002 katika Chuo Kikuu cha McGill walitamka kwamba mtu asiye na jino hata moja katika taya la chini atiwe angalau mizizi miwili ya kuyashikilia meno yake ya bandia. Miwili, si kinywa kizima: basi wenye elimu walikwisha kutafuta njia ya kadiri. Iliyobaki si kazi ya matabibu peke yao. Ni kazi ya wanaopanga hazina ya umma, na ya vyuo vyetu vinavyofundisha matabibu, waamue kama mzee wa kijijini naye ana haki ya kutafuna.

Mwanafunzi wa historia atakapoonyeshwa katika jumba la makumbusho jino zuri la zamani, asiulize tu limetengenezwa kwa nini na limegharimu kiasi gani. Aulize pia pengo lake liko wapi. Kwa jino la Rowlandson lilikuwa katika kinywa cha msafisha mabomba. Kwa jino la Mount Vernon lilikuwa katika kibanda cha mtumwa. Kwa jino la leo hakuna aliyeng'olewa. Pengo lake limo katika kinywa cha yule aliyeambiwa bei, akashukuru kwa adabu, akainuka kitini na kwenda zake. Kwake yeye wahenga hawajapitwa na wakati.